Mwenzangu katoweka, deni la dagaa limebaki: nalipa nusu au lote?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya biashara ya dagaa hapa Mwanza. Mwaka juzi niliungana na mwenzangu tuliyesoma naye sekondari. Mimi nilitoa milioni sita, yeye nne. Hatukuandikishana chochote. Jina la biashara alilisajili yeye BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, cheti kina jina lake peke yake, ila faida tulikuwa tunagawana nusu kwa nusu. Mwezi wa tatu alichukua magunia 90 mali kauli kwa baba mmoja wa Ukerewe, gunia shilingi 200,000. Tuliuza, tukampa milioni nne, zikabaki 14. Baada ya hapo mwenzangu akahama, nasikia yuko Bukoba, simu hapokei. Sasa yule baba ameniletea barua ya mwanasheria: siku 14, milioni 14 zote. Mimi niko tayari kulipa saba, nusu yangu. Kumbe mwenzangu pia alikopa milioni tano kwa mkopeshaji wa mtaani akanunua pikipiki, na huyo naye ananitafuta mimi. Sikusaini popote. Nyumba tunayoishi ni ya mume wangu, mimi nina kiwanja Kisesa. Je, ni haki nidaiwe lote? Watauza nyumba? Na nasikia naweza kufungwa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nitakujibu kwa sheria ya Tanzania Bara, na nitaanza na hizo milioni saba kwa sababu naona umezishikilia kama boya.

Saba zipo, lakini zipo kati yako na mwenzako. Kwa yule baba wa Ukerewe hakuna saba. Yeye anadai 14, na anaweza kuzidai zote kwako, zote kwa mwenzako, au akawashtaki wote wawili kwa pamoja. Kuchagua ni kwake. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema watu wawili au zaidi wakitoa ahadi kwa pamoja, aliyeahidiwa anaweza kumbana yeyote kati yao aitimize ahadi nzima, isipokuwa pale palipo na makubaliano ya wazi yanayosema vingine. Makubaliano hayo yawe na yeye mdai. Mliyopeana nyie wawili mkiwa mmekaa juu ya magunia pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la dagaa, hayamfungi mtu ambaye hakuwepo.

Najua inauma. Lakini hebu jiweke kwenye nafasi yake. Siku ile boti inapakiwa, hakusema haya 45 ni ya huyu na haya 45 ni ya yule. Alitoa mzigo mmoja kwa biashara moja. Mngemlipa siku hiyohiyo asingeuliza hela imetoka mfuko wa nani. Sasa mmoja wenu katoweka, na sheria inauliza swali dogo: nani abebe hasara ya mtu huyo, muuzaji ambaye hakumchagua, au wewe uliyemchagua mwenyewe kuwa mwenzako? Jibu lake unalijua.

Sasa utaniambia: lakini wakili, sisi hatukuwa na mkataba. Hapa ndipo watu wengi wa mwaloni wanapojidanganya. Ubia hauhitaji karatasi ili uwepo. Kwa wenzetu wa ng'ambo ya ziwa kuna sheria maalumu za ubia, Uganda ya mwaka 2010 na Kenya ya mwaka 2012, ila sisi Bara bado tunausoma ubia ndani ya Sheria ya Mikataba yenyewe, sheria ya mwaka 1961 iliyorithi mengi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Kuanzia kifungu cha 190 inaueleza ubia kuwa ni uhusiano wa watu wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida. Basi. Hakuna mhuri wala picha ya pasipoti ndani ya maelezo hayo. Ulitoa mtaji, mkagawana faida nusu kwa nusu, mkauza mzigo pamoja. Mwenyewe umeandika "tuliuza, tukampa". Hizo "tu" mbili zinatosha kukuweka ndani.

Kuhusu cheti cha BRELA, huenda kuna mtu amekushauri useme haumo. Cheti cha jina la biashara ni ushahidi wa nani alikwenda kusajili. Hakiundi mtu mpya wa kisheria kama kampuni inavyofanya, na hakimfuti mbia ambaye jina lake halikuandikwa. Yule baba akienda mahakamani ataleta ujumbe wenu wa simu, muamala wa ile milioni nne kama ulitoka kwenye namba yako, na wabeba mizigo waliokuona ukihesabu magunia. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unapokewa kama ushahidi bila mzozo mkubwa. Halafu kuna jambo ambalo huyo mshauri wako hakukueleza. Ukisimama kizimbani ukaapa kwamba hukuwa mbia, umejifungia mlango wa kesho: kwa msingi gani utamdai mwenzako nusu ya deni, au nusu ya mali mliyochuma pamoja?

Ili usiondoke ukidhani kila wanaogawana kitu ni wabia, nikupe mfano wa hapahapa ziwani. Mwenye mtumbwi anatoa chombo, injini, nyavu na taa, wavuvi wanatoa jasho usiku kucha, asubuhi yanatolewa mafuta kwanza, kinachobaki kinagawanywa mafungu. Je, wavuvi ni wabia wa mwenye mtumbwi? Kwa huo mgao peke yake, hapana. Kugawana mapato ghafi hakuwafanyi watu kuwa wabia, na mfanyakazi anayelipwa kwa fungu la faida anabaki mfanyakazi. Kwa hiyo mwenye mtumbwi akikopa injini asiilipe, muuza injini hana njia ya kwenda kwa kijana anayevuta nyavu kwa sababu tu kijana anapata mgao. Mahakama inatazama picha nzima: nani ametia mtaji, nani anaamua, nani anabeba hasara. Wewe ukitazamwa hivyo, hutoki.

Twende kwenye deni la pili, la pikipiki, maana huko nina habari njema kidogo.

Mbia ni wakala wa wabia wenzake, lakini kwa shughuli za biashara yenu katika mwendo wake wa kawaida. Dagaa kununuliwa mali kauli na mfanyabiashara wa dagaa ni mwendo wa kawaida kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana kwa yule baba huna pa kutokea hata kama siku mzigo unachukuliwa ulikuwa umelala nyumbani na malaria. Pikipiki ni kitu kingine. Wewe hukusaini popote. Tuseme mwenzako alikwenda kwa mkopeshaji na kitambulisho chake, akasaini kwa jina lake, akanunua chombo chake. Hilo ni deni lake. Kuwa mbia wa mtu hakukufanyi mdhamini wa maisha yake yote.

Ila usishangilie kabla hujaiona ile fomu ya mkopo. Biashara ya kuuza na kununua kama yenu, mbia anaweza kukopa fedha kwa ajili yake na akawafunga wote. Tuseme mwenzako alimwambia mkopeshaji, "Nakopa kwa biashara yetu, tunaongeza mzigo," akaandika jina la biashara, na mkopeshaji akatoa hela akiamini hivyo, pengine baada ya kuona cheti na kibanda. Baadaye hela ikaishia kwenye pikipiki. Hapo mkopeshaji ana hoja nzito dhidi ya biashara nzima, kwa sababu alichokiona yeye kilikuwa mkopo wa biashara. Mwenzako kuigeuza njia ni ugomvi wenu wa ndani. Kinyume chake, kama mkopeshaji alijua fika kwamba ni hela ya pikipiki, au alijua kwamba mwenzako haruhusiwi kukopa bila wewe, hana hoja. Kwa hiyo mtu huyo akija tena, usimpe hata shilingi. Mwambie kwa upole akuonyeshe mkataba wa mkopo, na umuulize namba ya leseni yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Hawa wa kausha damu wakiulizwa leseni mara nyingi wanakumbuka wana safari.

Na usimlipe "kidogo tu aniache". Malipo hayo yatasomwa mahakamani kama umekiri kwamba deni ni lenu.

Turudi kwenye 14. Ukilipa zote, haina maana umezipoteza zote. Kifungu kilekile cha 43 kinachompa mdai haki ya kukubana wewe peke yako, kinakupa wewe haki ya kumbana mwenzako akurudishie fungu lake. Mkiwa hamkupatana vingine, wabia wanagawana faida sawa na hasara sawa, hata kama mitaji ilipishana. Kwa hiyo ukimlipa yule baba milioni 14, unamdai mwenzako saba. Ukilipa tisa, unamdai mbili ulizozidisha. Kule kutoa mtaji wa sita kwa nne hakukupunguzii hasara wala hakukuongezei. Mtaji unaingia kwenye hesabu ya mwisho mkivunja ubia, baada ya wadai wa nje kulipwa.

Mngekuwa watatu, mambo yanakuwa hivi. Deni la milioni tisa, watu watatu, kila mmoja fungu lake tatu. Mmoja amefilisika, hana hata kuku. Fungu lake halirudi kwa mdai. Linagawanywa kwa wawili waliobaki, kila mmoja anabeba nne na nusu. Sheria imeliandika hilo waziwazi. Ndiyo maana mimi nikiulizwa na mtu anayetaka kuingia ubia, swali langu la kwanza si mwenzio ana mtaji kiasi gani. Namuuliza mwenzio ana nini ambacho hawezi kukihamisha usiku mmoja.

Kuna mtego mwingine hapa, watu hawaujui. Ikitokea yule baba akampata mwenzako Bukoba, wakaongea, akamwonea huruma akamwambia, "Wewe basi, nimekusamehe, nitamalizana na mwenzio," wewe hujasamehewa. Kumwachilia mdaiwa mmoja hakuwaachilii wengine. Lakini pia yeye aliyesamehewa hajaponea kwako. Bado unaweza kumdai fungu lake. Kifungu cha 44, kifupi sana, mistari michache tu, ila nimeona ndugu wawili wakiacha kusalimiana kwa ajili yake.

Sasa nyumba. Vuta pumzi. Kwanza, nyumba ya mume wako ni ya mume wako. Ndoa haimfanyi awe mdaiwa wa biashara yako, alimradi hakuwa mbia wala hakusaini udhamini. Pili, hata ingekuwa ya kwako, Sheria ya Mwenendo wa Madai inazikinga baadhi ya mali zisikamatwe wakati wa kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake imo kwenye orodha hiyo, pamoja na nguo, vitanda, vyombo vya kupikia na zana za kazi za fundi. Kinga hiyo haimsaidii aliyeweka nyumba rehani mwenyewe; huyo ameitoa kwa mkono wake, ingawa kwa nyumba ya familia ilitakiwa mwenzi wake aridhie.

Kiwanja cha Kisesa hakimo kwenye kinga hiyo. Kiwanja kitupu chenye jina lako kinakamatika na kinauzwa na dalali wa mahakama. Naomba unielewe vizuri: usikimbilie kukiandika jina la dada yako wiki hii. Mahakimu wameuona mchezo huo mara nyingi, uhamisho wa kukwepa wadai unaweza kutenguliwa, na utakuwa umejiharibia jina kwenye kesi ambayo uaminifu wako ndiyo silaha pekee uliyobaki nayo.

Kufungwa. Deni la biashara si jinai. Mtu akikutisha kwamba polisi watakuja kukuchukua kwa sababu hujalipa dagaa, anakutisha tu, labda kama kulikuwa na ulaghai tangu mwanzo, mfano mlichukua mzigo mkiwa mmeshapanga kutolipa. Kipo kifungo kinachoitwa cha mfungwa wa madai, kinachoweza kufika miezi sita, lakini kinakuja mwishoni kabisa: baada ya kesi, baada ya hukumu, baada ya mdai kuomba, na mahakama itataka kuona kama mdaiwa ana uwezo lakini anafanya kusudi. Mdai ndiye anayetoa hela ya chakula cha huyo mfungwa, na kifungo hakifuti deni. Ni wachache wanaokwenda mpaka huko. Maskini mkweli hafungwi kwa umaskini wake.

Jambo moja zaidi kwenye vitisho. Ukiitwa ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti wa mtaa mkasuluhishwe, nenda, ni vizuri. Lakini karatasi ya makubaliano usiisaini huku watu watano wamesimama mlangoni. Omba nakala, sema utaileta kesho. Makubaliano yaliyopatikana kwa kulazimishwa yanaweza kutenguliwa, ndiyo, ila kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ni kazi ya mwaka mzima, na kusubiri mpaka kesho ni kazi ya usiku mmoja.

Hapa sasa nina swali langu, na nitaliuliza bila kuzunguka. Umeniambia mliuza magunia 90. Umeniambia mlilipa milioni nne. Zilizobaki zilikwenda wapi? Sikuulizi kwa ubaya. Nimekaa na kesi za namna hii miaka mingi, na kila mara kitu kinachoamua si kifungu cha sheria, ni kaunta buku. Una daftari? Nimeshawahi kushika moja ya mfanyabiashara wa Kirumba, jalada limelowa, linanuka dagaa mpaka sekretari wangu akafungua madirisha. Ndani ameandika kwa kalamu ya bluu: "Mzigo Ukerewe gn 40. Lubumbashi gn 25 hajatuma. Soko gn 15 cash. Mama J kachukua 300 ada." Mstari ule wa ada ndio uliomwokoa, kwa sababu ulionyesha nani alikuwa anachota kwenye biashara na kwa kazi gani. Kaa chini usiku wa leo, andika unachokumbuka kuhusu yale magunia 90: yapi yaliuzwa taslimu, yapi yalikopeshwa wateja, nani bado hajalipa. Kama kuna mteja wa Kongo au wa Kahama anayedaiwa na biashara, hilo ni fungu la kulipia deni, nawe kama mbia una haki ya kulifuatilia hata kama mzigo aliutuma mwenzako. Na kama mwenzako alitoroka na mauzo, daftari na miamala ya simu ndiyo itakayosema, na utamdai zaidi ya zile saba.

Barua ya mwanasheria ya siku 14 si samansi. Ni barua ya madai. Zikipita siku 14 hakuna dalali atakayegonga mlango siku ya 15. Atakachoweza kufanya yule baba ni kufungua kesi. Lakini ijibu. Kukaa kimya ndiko kunakowaudhi wadai, na mdai aliyeudhika hakubali awamu. Mwandikie kupitia huyohuyo mwanasheria wake. Mweleze kwamba biashara ilipokea magunia 90, ililipa milioni nne, mwenzako ameondoka, na wewe unataka kulipa kwa awamu. Taja kiasi unachokiweza kweli, hata kama ni laki tatu kwa mwezi, na toa kitu cha kuanzia. Hizo saba ulizosema uko tayari nazo, ukimpa tano taslimu na kubakiza mtaji wa mbili wa kuzungusha, utakuwa na nguvu ya kuongea. Ukimpa saba zote huna mtaji, na mtu asiye na mtaji halipi awamu ya pili. Juu ya barua andika kwamba ni mapendekezo ya suluhu, bila kuathiri haki zako. Kila malipo yapite kwenye simu au benki, na kila stakabadhi iandikwe kwamba ni malipo ya deni la biashara, si deni lako binafsi. Maneno hayo matatu, "deni la biashara", ndiyo utakayoyashika mkononi siku ukimfuata mwenzako.

Nikutahadharishe pia: ukikiri deni kwa maandishi, saa ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua kesi, inaanza upya. Madai ya mkataba yana miaka sita. Kwako haina maana kubwa kwa kuwa deni ni la mwaka huu, lakini mtu mwenye deni la miaka mitano na miezi kumi anapaswa kufikiri kabla ya kusaini kikaratasi cha "nitakulipa".

Ikifika mahakamani na ukapata samansi, usiitie kabatini. Mbia aliyepelekewa wito na hakutokea anaweza kukuta hukumu ya upande mmoja inakaziwa dhidi ya mali yake binafsi, si mali ya biashara tu. Nenda, na kitu cha kwanza uombe mwenzako aunganishwe kwenye kesi kama mdaiwa. Bukoba si mbali kiasi hicho. Samansi inavuka ziwa. Hata ukishindwa, unaweza kuomba mahakama iamuru malipo kwa awamu. Kama huna hela ya wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwenye wilaya yako, wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kazi ya kuandika barua kama hii wanaiweza vizuri tu.

Nimalizie na kitu ambacho hukuuliza lakini kinakuhusu kuanzia leo asubuhi. Ubia wenu haujafa kwa sababu tu mwenzako hapokei simu. Akienda Kemondo akachukua mzigo mwingine kwa jina la biashara, kwa muuzaji aliyezoea kuwaona wawili, unaweza kujikuta na deni la pili la dagaa ambao hujawaona hata kwa macho. Niliwahi kumtetea kijana aliyejitoa kwenye duka la vipuri vya injini za boti. Alijitoa kweli, wakapeana mikono na wenzake, akapewa chake, akaenda kulima mpunga. Hakumwambia muuzaji wa jumla. Jina lake na namba yake ya simu vilibaki vimeandikwa kwa rangi ya bluu ukutani kwa kile kibanda, herufi kubwa, na miezi minane baadaye muuzaji akamdai mzigo uliochukuliwa akiwa shambani. Madeni ya kabla ya kutoka yanakufuata hata ukitoka. Ya baada ya kutoka yanakufuata kama waliokuzoea hawakuambiwa.

Kwa hiyo waandikie wauzaji wenu wote, mmoja mmoja, kwamba kuanzia tarehe fulani humo tena na hutahusika na mzigo wowote utakaochukuliwa. Ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia, barua ni bora zaidi. Kwa wale msiowajua, weka tangazo la hadhara. Mwandikie na mwenzako pia kwamba unavunja ubia, hata kama hajibu. Kama lipa namba ni ya jina lake, acha kuipokelea wateja wako hela.

Ukitaka kuendelea na mtu mwingine, mnaweza kuandikisha kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na hapo deni la kampuni linabaki la kampuni. Tahadhari ni kwamba wakopeshaji wanaijua njia hiyo. Watataka wakurugenzi wasaini udhamini binafsi, na ukisaini umerudi palepale ulipo leo.

Halafu kuna ile mizani. Hukuitaja, lakini sijawahi kuona watu wa dagaa wasio na mizani, turubai na chanja za kuanikia. Vyote mlivyonunua kwa hela ya biashara ni mali ya ubia, na vinaweza kulipia sehemu ya deni. Usiviuze kimyakimya, wala usimruhusu ndugu wa mwenzako aje avichukue akisema ametumwa. Vipige picha leo, andika vilinunuliwa lini na kwa kiasi gani, mtumie mwenzako ujumbe kwamba unakusudia kuviuza kumlipa baba wa Ukerewe na una mnunuzi wa bei fulani, mpe siku saba. Akijibu, hifadhi jibu lake. Asipojibu, hifadhi ule ujumbe wenye alama kwamba umefika.